Halijoto ya Bamba na Mparuzo wa Tando za Kikaboni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa fizikia, kemia na uhandisi wanaotandaza molekuli za kikaboni ndani ya chemba ya ombwe, au wanaojiandaa kuanza kazi hiyo. Maneno matatu yatarudi kila mara. Bamba ni kipande cha silikoni, kioo, plastiki au metali ambacho utando unaota juu yake. Utando ni matabaka ya molekuli yenye unene wa nanomita chache hadi mia chache. Mparuzo ni kiasi ambacho uso wa utando huo unapanda na kushuka.

Nikipasha bamba joto, utando utakuwa laini au utaparuza zaidi?

Yote mawili yanawezekana, na hilo ndilo la kuelewa kabla ya mengine yote. Halijoto haiuamuru uso uwe laini. Inachofanya ni kuharakisha miendo kadhaa ya molekuli kwa wakati mmoja, kila mwendo kwa kipimo chake. Baadhi ya miendo hiyo husawazisha uso, mingine huurundika. Mparuzo unaoupima mwishoni umetokana na miendo ipi imeshinda katika halijoto ile, kwa kasi ile ya kutandaza, hadi unene ule.

Kwa hiyo anayesema "pasha zaidi upate uso laini" amekupa jibu la molekuli moja juu ya bamba moja. Ukibadilisha bamba kutoka oksidi ya silikoni kwenda fedha, ushauri uleule unaweza kukuletea milima iliyotengana. Swali lenye faida ni hili: katika halijoto yangu, ni mwendo gani wa molekuli umekwama, na ni upi umefunguka?

Tando hizi zinatumika wapi?

Mahali unapoziona kila siku ni skrini za OLED (diodi za kikaboni zinazotoa mwanga) za simu na televisheni. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven VanSlyke, wakiwa kampuni ya Kodak nchini Marekani, walionyesha diodi ya matabaka mawili ya kikaboni iliyotoa mwanga kwa volti ndogo, nayo ilitengenezwa kwa kuvukiza molekuli ndani ya ombwe. Pia kuna transista za utando mwembamba, seli za sola na vitambuzi. Katika vyote hivyo chaji au mwanga hupita kwenye mpaka kati ya tabaka na tabaka, na mparuzo wa mpaka huo ndio unaotuhusu hapa.

Mparuzo unapimwaje, na namba ile ina maana gani?

Namba inayotajwa zaidi ni mparuzo wa RMS. Chukua urefu wa kila nukta ya uso, toa urefu wa wastani, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wa majibu hayo, kisha chukua kipeuo cha pili. Unapata namba moja kwa nanomita.

Kifaa cha kawaida ni hadubini ya nguvu za atomu, iliyobuniwa na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber mwaka 1986. Ncha kali hupita juu ya uso na kuandika ramani ya urefu. Mitego yake ni ya kila siku. Picha ya mikromita 1 kwa 1 na ile ya mikromita 10 kwa 10 za utando mmoja zinaweza kutoa namba tofauti kabisa, kwa sababu picha ndogo haivuki hata kilima kizima. Ncha iliyochakaa haifiki chini ya bonde jembamba, hivyo inauonyesha uso kuwa laini kuliko ulivyo. Na jinsi unavyonyoosha mteremko wa picha kabla ya kukokotoa inabadilisha jibu. Ukiona jedwali la mparuzo dhidi ya halijoto lisilotaja ukubwa wa picha, usilitegemee.

Jambo la pili ni kwamba namba hiyo haisemi chochote kuhusu upana. Utando wenye vilima vidogo vilivyosongamana na utando wenye vilima vipana vya taratibu vinaweza kuwa na RMS moja, lakini mkondo wa umeme utaviona ni vitu viwili. Andika pia umbali wa kawaida kati ya kilima na kilima.

Njia nyingine ni mwakisiko wa eksirei. Miale hupigwa karibu sambamba na uso, na mawimbi yanayorudi hutoa unene na mparuzo wa wastani wa eneo la milimita kadhaa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inaweza kufanyika utando ukiwa bado unaota, kama inavyofanywa kwenye vituo vya sinkrotroni (mashine kubwa zinazotoa eksirei kali), mfano kile cha Grenoble, Ufaransa.

Molekuli ikishatua, joto linaifanyia nini hasa?

Tuifuatilie moja. Imetoka kwenye chungu cha kuvukizia, imesafiri ndani ya ombwe bila kugongana na kitu (kwa shinikizo la milibari 10⁻⁶ molekuli ya hewa inaweza kwenda makumi ya mita kabla ya kugonga nyingine), na imetua. Sasa mbele yake kuna mambo kadhaa.

Inaweza kutangatanga juu ya uso, ikiruka kutoka kikao kimoja hadi kingine. Kila kuruka kunahitaji nishati, na uwezekano wa kuipata hufuata kanuni ya Arrhenius: joto likipanda kidogo, idadi ya miruko kwa sekunde inapanda kwa kipeo. Inaweza kukutana na wenzake wakaanzisha kisiwa kipya, au kufika kwenye kisiwa kilichopo na kujiunga ukingoni. Kadiri inavyotangatanga mbali zaidi, ndivyo inavyokuwa rahisi kufikia kisiwa cha zamani kuliko kuanzisha kipya. Ndiyo maana bamba la moto hutoa visiwa vichache vikubwa na bamba baridi hutoa visiwa vingi vidogo. Hilo ni la kuaminika karibu kwa kila molekuli.

Inaweza kutua juu ya kisiwa badala ya pembeni yake. Hapo ndipo mparuzo unapozaliwa: ikishuka ukingoni, tabaka la chini linajazwa, ikishindwa kushuka, itabaki juu, wenzake watakuja, na tabaka lingine litaanza kabla la chini halijakamilika.

Inaweza kugeuka. Molekuli za kikaboni si mpira kama atomu; nyingi ni ndefu au bapa, na zinaweza kusimama au kulala. Mwisho, joto likizidi, inaweza kuondoka kabisa na kurudi kwenye ombwe.

Kizingiti cha Ehrlich na Schwoebel ni nini, na kwa nini kinatajwa kila mahali?

Molekuli iliyo juu ya kisiwa ikitaka kushuka ukingoni inapoteza kwa muda majirani iliyokuwa imewaegemea, kabla haijapata wengine chini. Kupita hapo kunahitaji nishati ya ziada kuliko kutembea juu ya uso tambarare. Jambo hili liligunduliwa kwa metali: mwaka 1966 Gert Ehrlich na F. G. Hudda waliona atomu za tungsteni zikisita ukingoni, na mwaka huohuo Richard Schwoebel na E. J. Shipsey walieleza matokeo yake kwa ukuaji wa uso. Nishati hiyo ya ziada ndiyo kizingiti chenyewe.

Kwa molekuli ndefu kizingiti kinaweza kuwa kikubwa mno. Mwaka 2008 watafiti wa Leoben na Graz, Austria, wakiongozwa na Gregor Hlawacek na Christian Teichert, walichapisha kipimo cha paraseksifenili juu ya maika (madini yanayobanduka kwa matabaka): takribani elektronivolti 0.67 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati). Molekuli hii ni fimbo ya duara sita za benzini, na ili ishuke ukuta wa tabaka lililosimama inalazimika kujipinda ikipita ukingo. Linganisha na C60, molekuli ya mviringo, ambayo utafiti wa Sebastian Bommel na wenzake wa mwaka 2014 uliipa kizingiti cha karibu elektronivolti 0.11.

Hebu tuziweke namba hizo kwenye kanuni, kwa sababu hapa ndipo halijoto inapoonyesha uso wake. Kwenye kelvini 300, kizingiti cha 0.11 kinaruhusu jaribio 1 kati ya takribani 70. Kizingiti cha 0.67 kinaruhusu jaribio 1 kati ya takribani bilioni 180. Pandisha bamba hadi kelvini 400: uwezekano wa C60 unapanda mara 3 tu, wa paraseksifenili unapanda kama mara 650. Yaani nyuzi zilezile 100 hazina uzito mmoja kwa molekuli mbili. Kwa moja, kushuka hakukuwa tatizo tangu mwanzo. Kwa nyingine, hata baada ya kupasha, kushuka bado ni tukio adimu, na vilima vitaendelea kuota.

Kazi ya Leoben na Graz ilionyesha pia kwamba kizingiti si kimoja kwa matabaka yote. Katika matabaka ya kwanza molekuli zimeinama zaidi, ukuta wa kushuka ni mfupi, na kizingiti ni kidogo. Utando huanza vizuri, tabaka kwa tabaka. Kadiri molekuli zinavyosimama wima juu zaidi, kizingiti kinafikia ukubwa wake kamili na vilima vinaanza. Kwa hiyo matokeo mazuri ya matabaka mawili hayakupi haki ya kutabiri nanomita 50.

Nimesoma kwamba baadhi ya tando huparuza haraka kuliko hata mrundikano wa kubahatisha. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni moja ya matokeo yanayovutia zaidi katika uwanja huu.

Anza na mrundikano wa kubahatisha: kila molekuli inabaki ilipoangukia, hakuna kutembea. Hesabu za Poisson zinasema mparuzo, ukipimwa kwa matabaka, ni kipeuo cha pili cha idadi ya matabaka. Kwa pentasini, molekuli ya kikaboni inayotumika sana kwenye transista, yenye tabaka la nanomita 1.54, matabaka 25 ni unene wa nanomita 38.5 na mparuzo wa matabaka 5, yaani nanomita 7.7. Mparuzo unakua na unene kwa kipeo 0.5. Mtu angetegemea kwamba molekuli zikiruhusiwa kutembea, hali itakuwa nzuri kuliko hapo.

Mwaka 2003 Arndt Dürr, Frank Schreiber na wenzao walitandaza diindenoperilini, molekuli nyingine ndefu ya kikaboni, juu ya oksidi ya silikoni, bamba likiwa nyuzijoto 145 za Selsiasi. Kipeo walichokipata ni karibu 0.75. Ni mbaya kuliko bahati nasibu! Hii ina maana kwamba sehemu fulani za uso zinakua haraka kuliko nyingine, na zinaendelea kufanya hivyo kwa muda mrefu. Maelezo waliyopendekeza ni kwamba uso umegawanyika katika maeneo ambayo molekuli zimeinamia pande tofauti; kwenye mipaka ya maeneo hayo ukuaji hauendi sawa na katikati. Molekuli zinatembea, ndiyo, lakini zinatembea kutoka mahali pasipozipokea kwenda mahali panapozipokea. Mwendo ambao tungeutegemea usawazishe ndio unaoongeza tofauti.

Ndiyo sababu napenda kuwasisitizia wanafunzi: msiangalie mparuzo wa unene mmoja. Tandaza unene tofauti kwa halijoto moja, chora mparuzo dhidi ya unene kwenye mizani ya logi, na usome mteremko. Mteremko unakwambia jinsi uso unavyokua. Nukta moja haikwambii.

Kuna hali ambapo bamba baridi ndilo linalotoa uso laini?

Ndiyo, na mfano ulio wazi ni PTCDA, molekuli bapa ya kikaboni, juu ya fedha. Matabaka mawili ya kwanza yanashikamana vizuri na metali. Kuanzia hapo, utando wenyewe "ungependa" kujikusanya visiwa vilivyotengana, kwa sababu ya jinsi matabaka ya juu yasivyolingana na yale ya chini. Chini ya takribani kelvini 350 molekuli hazina mwendo wa kutosha kutimiza hilo, na unapata uso ulio laini kiasi. Juu ya hapo zinajikusanya, na katikati ya visiwa panabaki yale matabaka mawili tu. Hapa uso laini ni hali ya kukwama, na joto ndilo linaloikwamua.

Hali nyingine ni bamba baridi sana, ambapo molekuli hazipati hata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Uso unaweza kuwa na RMS ndogo ya kupendeza, lakini ndani hakuna mpangilio. Kama lengo lako ni transista, hiyo ni namba nzuri ya kitu usichokihitaji.

Mnapendekeza halijoto gani kwa pentasini juu ya oksidi ya silikoni?

Wengi hufanya kazi kati ya joto la chumba na nyuzijoto 60 au 70. Ndani ya kipimo hicho visiwa vinakuwa vikubwa kadiri unavyopasha. Ukiangalia picha ya hadubini utaona vilima vyenye matawi, kila kimoja kikiwa ngazi juu ya ngazi, na ukikata mstari juu yake kila ngazi inasoma karibu nanomita 1.5: urefu wa molekuli moja iliyosimama. Ukiona ngazi hizo safi, furahi. Molekuli zako zimesimama na zimejipanga.

Kuelekea nyuzi 80 na zaidi mambo yanabadilika. Molekuli nyingi hazikai, hivyo unene halisi ni mdogo kuliko kipima unene kinavyosema. Pia huongezeka umbo la pili la fuwele, lile la pentasini ya kawaida, ambalo umbali wa tabaka lake ni kati ya nanomita 1.41 na 1.45 badala ya 1.54. Maumbo mawili katika utando mmoja huongeza mipaka na mparuzo. Hadubini inaweza kutokukuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika. Eksirei itakuonyesha vilele viwili vilivyo karibu.

Halijoto inabadilisha jinsi molekuli zinavyosimama au kulala?

Inabadilisha sana. Stefan Kowarik, Schreiber na wenzao walifuatilia diindenoperilini kwa eksirei wakati inaota, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba bamba likiwa karibu na joto la chumba molekuli zilizolala hujitokeza pamoja na zilizosimama, ilhali kwenye takribani nyuzijoto 130 zilizosimama ndizo zinazotawala. Mahali penye mchanganyiko, uso unaparuza kwa sababu kila kundi lina urefu na kasi yake. Kama RMS yako imeruka ghafla kati ya halijoto mbili, kagua mpangilio kwanza kabla ya kulaumu mwendo wa molekuli.

Je, tando zisizo fuwele, kama za OLED, hufuata sheria hizohizo?

Hapana, na kipimo kinachofaa hapo ni halijoto ya mpito wa kioo, yaani pale kigumu kisicho fuwele kinapoanza kulainika. Mwaka 2007 kundi la Mark Ediger huko Wisconsin, Marekani, lilionyesha kwamba ukitandaza kwenye takribani asilimia 85 ya halijoto hiyo, kwa kelvini, unapata kioo imara na kizito kuliko unachopata kwa kupoza kimiminika. Sababu ni kwamba molekuli za usoni zinatembea haraka kuliko za ndani, hivyo kila tabaka jipya linapata nafasi ya kujipanga kabla halijafunikwa.

Kwa NPB, inayotumika kusafirisha chaji chanya, mpito huo ni karibu nyuzijoto 95. Asilimia 85 yake kwa kelvini ni karibu nyuzi 40. Kwa TPD, yenye kazi kama hiyo, mpito ni karibu nyuzi 60, na bamba lingetakiwa kuwa karibu nyuzi 10, yaani kupozwa badala ya kupashwa. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona na Dresden waliripoti diodi zilizotengenezwa kwa njia hii zikiwa na ufanisi na uimara ulioongezeka kwa zaidi ya asilimia 15.

Tando hizi kwa kawaida zina mparuzo chini ya nanomita 1. Hatari yake ni kuvuka mpito: molekuli zinaanza kutiririka, fuwele zinachipua, utando unajikusanya matone, na mparuzo unapanda kwa makumi ya nanomita.

Punje kubwa za fuwele ndizo zitakazonipa transista bora?

Mara nyingi husaidia, si mara zote. Chaji husafiri ndani ya matabaka machache ya chini kabisa. Vilima vizuri vya juu havina kazi kubwa kama tabaka la kwanza lina nyufa au halijafunika bamba lote. Joto likiongeza ukubwa wa punje huku likiacha mabonde yanayofika hadi kwenye bamba, umepoteza zaidi ya ulichopata.

Themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali) inasoma nyuzi 60. Bamba langu liko nyuzi 60?

Uwezekano mkubwa ni hapana. Ningeomba kila anayeanza asome jibu hili mara mbili, kwa sababu tofauti nyingi kati ya maabara na maabara zinaanzia hapa.

Ndani ya ombwe hakuna hewa ya kusambaza joto. Joto linafika kwenye bamba kwa kugusana na kwa mionzi tu, na kugusana kwa vipande viwili vigumu ni kwa nukta chache. Themokapo mara nyingi imefungwa kwenye kishikio chenye hita, wala si kwenye uso unaokua. Kipande cha kioo kilichobanwa pembeni kinaweza kuwa baridi kuliko kishikio kwa nyuzi nyingi, na katikati yake pakatofautiana na kingo. Upande wa pili, chungu cha kuvukizia kilicho karibu kinalipasha bamba kwa mionzi, hivyo hata jaribio la "joto la chumba" linaweza kupanda polepole wakati wa kutandaza.

Bandika themokapo ya pili juu ya bamba la majaribio, upande ule utando unapoota, kwa gundi ya fedha inayostahimili ombwe. Pandisha hita hatua kwa hatua, subiri itulie, andika namba zote mbili, na uchore mchoro wa kusahihishia. Rudia kwa kila aina ya bamba, maana silikoni na kioo havipitishi joto sawa. Kisha, unapotandaza, subiri hadi bamba litulie. Kioo kinachukua muda mrefu kuliko hita inavyokuonyesha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, utando huo una historia mbili za joto. Usiuingize kwenye mchoro wako hata kama unaonekana mzuri. Na kama maabara iko mahali penye unyevu mwingi, mfano Dar es Salaam au Mombasa, pasha bamba ndani ya ombwe kabla ya kuanza ili kuondoa maji yaliyoshika usoni, halafu lirudishe kwenye halijoto ya kazi. Maji hayo yanabadilisha jinsi visiwa vya kwanza vinavyoanza.

Naweza kupunguza kasi ya kutandaza badala ya kupasha?

Kwa kiasi, ndiyo. Idadi ya visiwa hutegemea uwiano kati ya mwendo wa molekuli na kasi ya kuwasili kwa nyingine. Kwa kizuizi cha kutembea cha elektronivolti 0.54, kilichotajwa kwa C60, kupunguza kasi mara 10 ukiwa kelvini 300 ni sawa na kupasha hadi karibu kelvini 337 kwa upande wa uwiano huo. Ni msaada mkubwa ukiwa na plastiki kama PET, ambayo huanza kulainika kati ya nyuzijoto 70 na 80.

Lakini ubadilishanaji huo haukamiliki. Kushuka ukingoni na kugeuka kwa molekuli vina vizuizi vyake vyenye ukubwa tofauti. Isitoshe, kwa milibari 10⁻⁶ gesi iliyobaki chembani inagonga uso kiasi cha tabaka zima kila sekunde chache. Sehemu kubwa haishiki, lakini ukitandaza kwa saa nyingi uchafu unapata nafasi.

Nikimaliza kutandaza, nipoze haraka au polepole?

Polepole. Fuwele za molekuli hutanuka kwa kiwango cha takribani 10⁻⁴ kwa kila kelvini, silikoni kwa 2.6 × 10⁻⁶ tu. Ukishuka kelvini 100, utando unataka kusinyaa kwa asilimia 1 hivi huku bamba likisinyaa kwa asilimia 0.026. Mvutano huo unaweza kuupasua. Nyufa zilizonyooka, zinazokata vilima bila kujali umbo lake, kwa kawaida zimetokea wakati wa kupoa.

Kila mara mparuzo ni adui?

La. Katika diodi nyembamba, kilele kirefu kinaweza kutoboa tabaka linalofuata na kuleta shoti. Katika transista, mparuzo wa tabaka linalobeba chaji huizuia. Lakini katika seli za sola, mpaka wenye mikunjo kati ya vitu viwili unaongeza eneo ambapo nishati iliyofyonzwa inageuka kuwa chaji, na hilo linaweza kufaa. Amua kifaa kwanza, ndipo uamue mparuzo.

Chuo chetu hakina chemba ya ombwe. Naweza kuanzia wapi?

Anza na kompyuta ya kawaida. Andika programu ndogo ya uigaji wa Monte Carlo: gridi ya vikao 100 kwa 100, molekuli zinadondoka kwa nasibu, kila moja inaruka kwa mara 10¹² hadi 10¹³ kwa sekunde ikizidishwa na kipeo cha Arrhenius. Kwanza zima mwendo wote na uhakikishe mparuzo unafuata kipeuo cha pili cha idadi ya matabaka. Programu isiyopita mtihani huo ina kasoro. Kisha washa kutembea. Kisha ongeza kizingiti cha ukingoni, na utaona vilima vikichipuka mbele ya macho yako. Badilisha halijoto pekee, uone jinsi jibu linavyotegemea kizingiti ulichoweka.

Kwa picha za hadubini kuna Gwyddion, programu ya bure iliyotengenezwa Jamhuri ya Cheki. Fungua faili yoyote ya ramani ya urefu, nyoosha mteremko kwa njia mbili tofauti, na linganisha RMS. Zoezi hilo fupi linafundisha uangalifu kuliko sura nzima ya kitabu.

Nipangeje jaribio langu la kwanza la halijoto?

Chagua molekuli moja, bamba moja na kasi moja, na usiviguse. Chukua halijoto nne au tano zilizopimwa kwenye bamba lenyewe, na kwa kila moja tandaza angalau unene wa aina tatu: chini ya tabaka moja, matabaka machache, na makumi ya nanomita. Unene wa kwanza unakuonyesha idadi ya visiwa, wa pili kama tabaka hukamilika kabla ya jingine kuanza, wa tatu mteremko wa mparuzo. Rudia halijoto moja mwishoni, baada ya nyingine zote, ili ujue kama chungu au chemba imebadilika. Usizitandaze kwa mfuatano wa kupanda, changanya.

Piga picha za ukubwa mmoja kwenye sehemu kadhaa za kila bamba, katikati na pembeni. Pima mapema, ikiwezekana siku ileile, kwa sababu pentasini huoksidika ikiwa kwenye hewa na mwanga, na baadhi ya tando huendelea kujikusanya hata zikiwa zimehifadhiwa. Weka zilizobaki gizani, ndani ya kisanduku cha nitrojeni au ombwe, na uandike kwenye kila kifuniko halijoto ya bamba pamoja na ile ya hita.